Matairi Yanayoliwa Upande

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Halmashauri ilituomba tuseme nanyi jioni ya leo juu ya motakaa za kale na ubovu wa miguu yake ya mbele. Tulisita kabla ya kukubali, kwa kuwa sisi si mafundi. Sisi ni makarani watatu wa ofisi moja, na vyombo vya kazi yetu ni kalamu na daftari. Lakini twamiliki motakaa moja kwa ushirika, nayo imetufundisha jambo ambalo tumeona si haki kulificha. Twajua kuwa baadhi ya wanachama wana motakaa za namna hiyo, za urithi au za kununua, na wengine wangali wakitafuta. Basi tutakayosema yatawafaa hao kwa mifuko yao, na pengine yatawafaa wote kwa sababu nyingine tutakayoieleza mwishoni.

Motakaa yetu ni Morris Minor ya mwaka 1961. Wazee waliohudhuria wataikumbuka sura yake ya mviringo. Ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza London katika mwaka 1948, na aliyeibuni ni Alec Issigonis, yule yule aliyebuni baadaye Mini ya mwaka 1959. Ilipokuwa ingali ya majaribio iliitwa Mosquito, maana yake Mbu. Issigonis alipoitazama aliiona nyembamba mno. Akaamuru ikatwe katikati kwa urefu wake, na zile nusu mbili zitengwe mpaka jicho lake liliporidhika. Hivyo ikaongezwa upana wa inchi 4. Iliendelea kutengenezwa Uingereza hadi mwaka 1971, na jumla yake ilipita milioni moja na laki sita. Si ajabu basi kwamba zingine zingali zikitembea, na kwamba vipuri vyake vyaendelea kutengenezwa.

Tulichanga fedha watatu tukainunua, tukaandika masharti ya matumizi yake kwa karatasi, kama ilivyo desturi ya makarani. Kila mmoja alipewa siku zake, na sharti la saba lilisema hivi: atakayeiharibu kwa uzembe atalipa mwenyewe. Tafadhalini likumbukeni sharti hilo la saba.

Baada ya miezi minane tairi la mbele la kushoto lilianza kuliwa ukingo wa ndani. Motakaa nayo ikawa yavuta kushoto, hata dereva akiachia usukani kidogo ilitaka kutoka barabarani. Tuliipeleka kwa fundi mmoja mjini. Alifunga vyombo vyake, akapima magurudumu, akarekebisha fimbo za usukani, akapokea ujira wake. Kwa wiki chache motakaa ilitulia. Kisha tairi likaanza tena kuliwa pale pale. Tulirudi mara ya pili, na mara ya tatu. Tairi jipya likaliwa hata nyuzi zake zikaonekana.

Ndipo tukaanza kumtafuta mkosaji. Mmoja wetu ndiye aliyekuwa akienda shamba kila Jumapili kwa njia ya changarawe yenye mashimo, nasi wawili tukasema: huyu ndiye aliyeligonga gurudumu shimoni akanyamaza. Alikana. Tukamsomea sharti la saba. Alilipa tairi kwa mshahara wake wa mwezi ule, asiongeze neno, ila alituomba jambo moja, kwamba tuinue motakaa kwa jeki tuyatazame magurudumu sisi wenyewe kabla ya kumhukumu. Tulimjibu kwamba fundi amekwisha kupima mara tatu, na makarani hawana haja ya kujipaka grisi.

Siku ya Ijumaa iliyofuata tulikuwa tukijitayarisha kwenda Lushoto mazikoni, watu wazima wanne na mtoto mmoja. Wenye kuijua njia ile ipandayo kutoka Mombo wajua jinsi inavyopinda, na jinsi bonde lilivyo chini yake. Jioni ile mmoja wetu wawili alikuwa akiirudisha motakaa nyuma katika uwanja wa ofisi, kwa mwendo wa mtu atembeaye, usukani umekatwa hata mwisho. Tukasikia mlio wa chuma. Gurudumu la kushoto lilijikunja chini ya madigadi, na pua ya motakaa ikaanguka mchangani. Hakuna aliyeumia. Tulisimama pale watatu, na hatukuweza kutazamana usoni.

Sasa tutaeleza kilichovunjika, na jinsi ambavyo tungaliweza kukijua miezi mingi kabla ya siku ile.

Katika Morris Minor kila gurudumu la mbele lashikwa na kingpini, yaani nguzo fupi ya chuma iliyosimama. Juu hushikwa na mkono wa shokapu, na chini hushikwa na mkono mwingine uliounganishwa na fimbo ndefu ya chuma ipitayo chini ya motakaa kuelekea nyuma. Fimbo hiyo hujisokota gurudumu linapopanda na hujisokotoa linaposhuka, nayo ndiyo springi. Ncha zote mbili za kingpini zimekatwa meno ya skrubu, na kila ncha imeingia katika kipande cha chuma chenye meno kwa ndani, mfano wa nati kubwa. Kipande hicho chaitwa tranioni. Ukipinda usukani, kingpini huzunguka katika tranioni zake kama skrubu ifunguliwayo na kufungwa. Meno ya upande wa kushoto yamekatwa kinyume cha yale ya kulia, kwa hiyo vipande vya pande mbili haviwezi kubadilishana.

Meno hayo huishi kwa grisi tu. Yakikosa grisi, maji na vumbi huingia, nayo husagika kidogo kidogo, mpaka siku moja hayashikani tena. Siku hiyo mara nyingi huwa siku ya mwendo mdogo na usukani uliokatwa sana. Lakini hapana mtu aliyepewa ahadi kwamba itakuwa hivyo daima.

Kabla ya kueleza uchunguzi, yafaa tujue ni vipimo gani vinavyotakiwa. Viko vitatu. Cha kwanza ni mwinamo wa gurudumu ulitazamapo kutoka mbele: katika Minor kichwa cha gurudumu chapaswa kuelekea nje kwa digrii 1. Cha pili ni mlalo wa kingpini uitazamapo kutoka ubavuni: kichwa chake chapaswa kulala nyuma kwa digrii 3, na mlalo huo ndio unaolifanya gurudumu lipende kwenda moja kwa moja. Cha tatu ni mkaribiano, maana yake magurudumu mawili yakaribiane mbele kuliko nyuma kwa sehemu 3 katika 32 za inchi, karibu milimita 2.4.

Na hapa pana neno tunalowaomba mlishike. Katika motakaa hii ni mkaribiano peke yake uliowekewa njia ya kurekebishwa, kwa kuzungusha fimbo za usukani. Mwinamo na mlalo viliwekwa kiwandani. Kwa hiyo vikipotea, hapana cha kurekebisha. Pana kitu kilicholegea, kilicholika au kilichopindika, na kazi ni kukitafuta.

Sisi makarani tungalipaswa kulifahamu jambo hili kuliko watu wote. Hesabu za mwisho wa mwezi zikikataa kulingana, karani mwovu hubadilisha tarakimu moja chini ya ukurasa ili jumla mbili zifanane. Karani mwema hurudi nyuma mstari kwa mstari hata alione kosa lilipoandikwa. Mkaribiano wa magurudumu ni jumla ya chini ya ukurasa. Fundi wetu aliibadilisha jumla mara tatu, nasi tulitia sahihi mara tatu.

Basi uchunguzi uanze hivi.

Kwanza, lisomeni tairi, maana ndilo daftari la safari zote. Likiliwa katikati tu, limejazwa upepo kupita kiasi. Likiliwa kingo zote mbili, lina upepo mchache. Likiliwa ukingo mmoja na mahali palipoliwa pakawa laini, shukuni mwinamo. Likiwa na mabonde mabonde, shukuni shokapu au gurudumu lisilo na uzani sawa. Kisha pitisheni kiganja juu ya meno ya tairi, kwa kuyavuka, si kwa kuyafuata. Ikiwa mkono wapita laini ukitoka nje kwenda ndani, na warudi ukikwaruzwa, mkaribiano umezidi. Ikiwa laini ni kutoka ndani kwenda nje, magurudumu yametengana mbele badala ya kukaribiana. Tairi letu lilikuwa limeliwa ukingo wa ndani, na palipoliwa palikuwa laini kama sahani. Maandishi yalikuwa wazi. Wasomaji ndio waliokosekana.

Pili, ondoeni vitu viigizavyo ubovu huo. Jazeni upepo sawasawa pande zote mbili. Badilishaneni matairi ya mbele, la kushoto kulia na la kulia kushoto. Motakaa ikibadili upande inaovutia, kosa ni la tairi. Baada ya safari fupi gusisheni mkono kwa uangalifu katikati ya kila gurudumu; lililo na moto kuliko mwenzake laweza kuwa na breki isiyoachia. Tazameni pia kama motakaa imesimama sawa. Pimeni kutoka chini hata juu ya uwazi wa madigadi kila upande, maana fimbo ya springi iliyochoka huushusha upande wake, na vipimo vyote hufuata.

Tatu, tikiseni. Wekeni vigingi nyuma ya magurudumu ya nyuma, inueni mbele kwa jeki, kisha itegemezeni motakaa juu ya stendi za chuma. Kamwe mtu asijiingize chini ya motakaa iliyoshikwa na jeki peke yake, wala juu ya mawe au matofali. Shikeni gurudumu, mkono mmoja juu na mwingine chini, mlisukume na kulivuta. Likicheza, msiseme bado ni nini. Mwambieni mwenzenu akanyage breki kwa nguvu, mkatikise tena. Ikiwa mchezo umekwisha, ubovu u katika beringi za gurudumu, kwa sababu breki imelifunga gurudumu na kibebeo chake vikawa kitu kimoja. Ikiwa mchezo ungalipo, ubovu u katika kingpini na tranioni, au katika shokapu ambayo mkono wake umelegea, au katika bushi za mpira za mkono wa chini. Mmoja atikise, na mwingine atazame kwa taa ni kiungo kipi kinachotangulia kucheza.

Baada ya hayo shikeni gurudumu kushoto na kulia, kama mtu ashikavyo usukani, mtikise tena. Mchezo wa namna hii hutoka katika vichwa vya tairodi au katika raki ya usukani. Zitazameni pia fimbo zinazoushikilia mkono wa chini usiende mbele wala nyuma. Mipira yake ikiwa imepasuka, mlalo wa kingpini hubadilika kila mkanyagapo breki, na motakaa huruka upande.

Uchunguzi huo hauhitaji zaidi ya jeki, stendi, taa na watu wawili wenye subira. Ndio tulioukataa.

Nne, pimeni mwinamo. Isimamisheni motakaa mahali palipo sawa kabisa, magurudumu yakielekea mbele. Fungeni jiwe dogo katika uzi, muuning'inize uzi mbele ya katikati ya gurudumu, karibu na rimu lakini usiguse. Pimeni nafasi kati ya uzi na ukingo wa rimu juu, kisha chini. Kwa rimu ya inchi 14 kama ya Minor, digrii 1 ni tofauti ya karibu robo ya inchi, na nafasi ya juu ndiyo iwe ndogo, kwa kuwa kichwa chaelekea nje. Linganisheni kushoto na kulia. Baada ya msiba wetu tulipima upande wa kulia, tukaiona ile robo ya inchi. Upande wa kushoto haukuwa na cha kupimwa tena, lakini tulikumbuka kwamba kwa miezi mingi gurudumu lile lilikuwa likielekea ndani kichwani, nasi tulidhani ndiyo sura ya uzee. Tranioni ya chini iliyolika humwachia kingpini asogee nje kwa chini, na kichwa kikarudi ndani. Hivyo tairi likakanyaga kwa ukingo wake wa ndani.

Tano, na ni ya mwisho kwa sababu yapaswa kuwa ya mwisho, pimeni mkaribiano. Isukumeni motakaa mbele hatua chache ili viungo vikae, msiirudishe nyuma. Tieni alama ya chaki nyuma ya kila rimu kwa kimo cha katikati ya gurudumu, mpime kutoka alama hata alama. Kisha isukumeni mbele nusu ya mzunguko, alama zile zile zifike mbele, mpime tena. Kwa kuzitumia alama zile zile, rimu iliyopinda kidogo haitawadanganya. Kipimo cha nyuma kikizidi cha mbele kwa milimita 2.4, ni vyema. Mkirekebisha, zungusheni fimbo za pande zote mbili kwa kiasi kile kile, usukani usije ukakaa upande. Na mkipima mara mbili mkapata majibu mawili mbalimbali, acheni kurekebisha. Kipimo kisichotulia ni dalili ya kiungo kilicholegea, na mwapaswa kurudi kwenye kutikisa.

Kuhusu ulinzi, neno ni moja, nalo ni grisi. Sisi sasa twaitia kila maili 1,000, au kila mwezi ikiwa mvua ni nyingi. Kwanza futeni kila kichuchu cha grisi kwa kitambaa, msije mkaingiza mchanga. Inueni gurudumu litoke chini ndipo mtie, kwa sababu uzito wa motakaa huyakaza meno upande mmoja, na grisi haipiti pale panapoihitaji zaidi. Pigeni bomba hata grisi mpya itoke na kuifukuza ya zamani. Kichuchu kisichopitisha grisi kitolewe kisafishwe. Msikiruke mkasema kingine kimeingia vizuri. Tulipofungua upande wetu uliovunjika tulikuta kichuchu cha chini kimezibwa na udongo uliokauka kama saruji. Kilikuwa kimezibwa tangu kabla hatujainunua. Hapana shimo lolote la njia ya shamba lililohusika.

Mabwana, hilo ndilo lililotuleta hapa. Mwenzetu alilipa tairi ambalo hakuliharibu. Aliomba uchunguzi kabla ya hukumu, nasi tukamnyima, kwa kuwa sharti la saba lilikuwa jepesi kulisoma, na jeki ilikuwa nzito kuiinua. Tulimrudishia fedha zake siku ya mshahara, na mbele ya ofisi nzima tulimwomba radhi, kwa kuwa mbele ya ofisi hiyo hiyo ndiko tulikomtuhumu. Alizipokea fedha. Juu ya radhi alisema, "Yamekwisha," kisha akauliza ni nani atakayenunua tranioni. Tulinunua watatu kwa sehemu sawa, tukabadilisha pande zote mbili, na yeye ndiye aliyeshika taa.

Hao jamaa wa Lushoto walizika ndugu yao bila sisi. Tulifika siku ya tatu kwa basi, tukakaa kimya kila basi lilipopinda kona, kila mmoja akihesabu moyoni ni watu wangapi tungaliwapakia.

Sharti la saba tumelifuta. Mahali pake tumeandika: motakaa ikiwa na dalili yoyote, itainuliwa na kutazamwa na wote watatu kabla mtu yeyote hajaulizwa neno. Twawaachia shauri hilo wenye motakaa, na wasio na motakaa pia, maana ofisini mwetu ziko hesabu nyingine zisizolingana, na wako watu wengine ambao ni wepesi kutajwa.

Jeki yetu, stendi mbili na bomba la grisi ziko tayari kuazimwa na mwanachama yeyote, Jumamosi baada ya saa nane, na sisi watatu tutakuja pamoja navyo.